Mjomba Amekwenda Kunyamaza

3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Nikuambie mapema usije ukasikia kwa watu: hapa nilipo, mimi nisipoamka hakuna anayeamka. Sisemi kwa kujisifu, unanijua. Watu wazima, wenye vyeti vyao na miwani yao, wamelala chali wanangoja mjomba wako aianze siku. Jua lenyewe nadhani huchungulia kwanza kuona kama nimeshavaa suruali.

Baada ya hilo, salamu. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini huo haujawahi kuridhika tangu ujana. Natumaini wewe na pasi yako hamjambo hapo dukani kwa dobi, na kwamba tajiri wako bado anakuongezea mashati na kukupunguzia sifa. Msalimie mama yako. Mwambie mdogo wake hajafa, hajafungwa, wala hajaoa.

Najua niliondoka bila kuaga. Nilikuwa na haraka. Mambo makubwa hayangoji chai.

Basi sikiliza. Uliliona lile tangazo lililobandikwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi? Jumuiya ya watu wanaotafakari inahitaji wa kujitolea kujenga ukumbi, chakula na malazi bure, mshahara hakuna. Wengine walisoma wakapita. Mimi nilivyosoma nikajua hawa wananitafuta mimi, ila wameona haya kutaja jina. Nikapanda lori la mboga, nikakaa juu ya kabichi kama sultani, mpaka huku mlimani.

Getini nikapokewa na mama mmoja, nesi mstaafu, ndiye msimamizi wa kazi. Akaniuliza, "Unajua kazi gani?" Nikamjibu, "Niulize nisiyoijua, tutamaliza haraka." Akanitazama, akatabasamu, akanipa ndoo. Wewe utasema ni ndoo ya kubebea maji. Mimi nasema ni cheo. Bila maji hakuna udongo, bila udongo hakuna tofali, na bila tofali hawa watatafakari kwenye nyasi na siafu.

Sasa, mpwa wangu, hawa watu hawaongei. Wakila hawaongei. Wakifanya kazi hawaongei. Na alfajiri wanakaa chini kwenye mikeka, wanafumba macho, hawaongei kwa makusudi. Simu zetu zimefungiwa kabatini ofisini, ndiyo maana unaona mwandiko wangu, ambao mwalimu wangu wa darasa la tano alisema haujapata kutokea. Ukimya wa huku ni mnene, unaweza kuuegemea. Siku ya tatu nilimsikia mchwa akisafisha koo. Nikamwambia, "Pole, ndugu yangu." Akanyamaza kwa aibu.

Asubuhi ukungu unaingia mpaka kwenye vikombe. Tunavua viatu, tunashuka kwenye shimo la udongo, tunaukanyaga polepole tukizunguka. Kichwa cha mwenzako unakiona kinaelea chenyewe, mabega hana. Udongo kwanza ni baridi, halafu unakuwa vuguvugu, halafu hujui tena mguu unaishia wapi. Jana nilizunguka hivyo mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Mimi! Nikasahau!

Nijibu kwa dereva wa lori la mboga. Mwambie ni barua ya ofisi.

Mjomba wako,
Msimamizi Mkuu wa Maji


22 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imekaa garini siku nyingi, imefika inanuka vitunguu. Nimeisoma hivyo hivyo. Mimi sijambo. Tajiri ni yuleyule. Wiki hii kachukua mashuka ya nyumba ya wageni, nimepiga pasi mpaka nikilala naona mistari. Kitanda chako kipo. Tumekiwekea tu nguo za Baba juu, zile ambazo bado hatujajua tumpe nani.

Mchwa hana koo, Mjomba.

Sasa nikuulize, na usinizungushe. Tulimzika Baba, kesho yake asubuhi viti vya kukodi bado viko barazani, wageni wanaulizia chai, wewe hupo. Nilidhani umekwenda kununua sukari. Nikakungoja na sufuria motoni. Nimemuuliza Mama mara ngapi sijui. Anasema, "Amekwenda anakokwenda," kisha anapanga upya sufuria ambazo zimeshapangwa.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonikalisha kuandika. Ni jicho lake. La kushoto unajua lilikufa tangu alipougua utotoni. Sasa hili la kulia lina mtoto wa jicho, na amekomaa haraka. Anamimina chai nje ya kikombe, halafu ananigombeza mimi kwamba kikombe nimekisogeza. Wiki iliyopita alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni.

Nimempeleka hospitali. Daktari amesema atafanyiwa upasuaji tarehe 25 Aprili, ni jambo dogo, ila jicho litafungwa bandeji siku kadhaa na kwa kuwa lile lingine halioni, atakuwa gizani kabisa. Mama akauliza, "Na hizo siku za giza nitakaa na nani?" Nikamwambia utakaa na mimi, nitaomba ruhusa. Akasema, "Wewe huna maneno. Umemtoa baba yako. Nitajuaje kama upo?"

Hakukutaja. Lakini mimi si mtoto, Mjomba. Katika nyumba hii mwenye maneno alikuwa mmoja.

Njoo kabla ya tarehe hiyo.

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Nimefurahi kwamba mko wazima, na nimesikitika kuhusu mashuka. Mimi huku nimepandishwa cheo.

Kuna kengele ya shaba imetundikwa kwenye boriti ya jikoni. Ikilia, kila mtu anasimama palepale alivyo. Aliyeinua koleo, koleo linabaki juu. Aliyekuwa anapiga mwayo, mdomo unabaki wazi, nzi na aingie. Wanavuta pumzi tatu, taratibu, kisha kazi inaendelea kama vile hapakuwa na kitu. Ndiyo desturi yao, wanasema kazi inaweza kumbeba mtu akasahau kwamba yupo. Nikamwambia mama nesi kwamba ujanani nilikuwa mpiga kengele wa stesheni kubwa ya reli, treni zilikuwa zikinisikia zinapunguza mwendo kwa heshima. Hakubisha. Akanikabidhi kamba.

Sasa nikwambie siri, usimwambie mtu. Kengele hailii kwa saa. Inalia mpigaji anapoona inafaa. Na mimi naona inafaa kila mgongo unapouma. Basi! Nabeba ndoo mbili, naiona kamba, ngwee! Watu wote wanaganda. Nabeba tena mbili, ngwee! Asubuhi moja wamepumua hivyo mpaka matofali yamekuwa machache kuliko watu. Na unadhani wamekasirika? Jioni kuna mmoja, mtu mkubwa kama kabati, kazi yake ni kusukuma toroli na mimi namwita Bwana Toroli kwa sababu jina sijawahi kulisikia, aliinama mbele yangu akaandika kwa kidole vumbini: ASANTE. Wanadhani nina kina kirefu sana moyoni.

Lakini kitu kimoja kinanisumbua. Wote wakisimama, nami inabidi nisimame. Siwezi kupiga kengele halafu nikakaa kama niko sokoni. Sasa pumzi ya kwanza ni rahisi, nafikiria chakula. Ya pili, nasikia maji yanadondoka kutoka kwenye ndoo yangu, tone, tone, kama mtu anayetembea mbali. Ya tatu, mpwa wangu, dunia inafifia ukingoni kama picha iliyolowa, na napaona nyumbani. Si kwa kukumbuka. Napaona. Baraza limefagiliwa. Baba yako amekaa kwenye kiti chake, mikono ya shati ameikunja, ananitazama vile alivyokuwa akinitazama akisema, "Haya, mwongo mkubwa, endelea." Nafungua mdomo. Na hapo makoleo yanaanza tena kulia, na ukungu unamchukua.

Kuhusu hospitali, mwambie dada aende asiogope, hao madaktari wa siku hizi wanapasua jicho huku wanapiga soga. Mimi siwezi kutoka sasa. Nikiondoka kengele itashikwa na mtu asiye na uzoefu.

Mjomba wako,
Mkuu wa Kengele


30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za mashuka leo.

Tulikwenda tarehe 25. Mama alivaa gauni lake la kijani, akafunga kitambaa kipya, akasema anataka daktari aone kwamba ametoka kwa watu. Tukakaa kwenye benchi. Kila mlango ukifunguliwa anageuza uso. Anauliza, "Nani aliyeingia?" Namwambia, "Ni mtu na mgonjwa wake." Mlango tena. "Na huyu?" Ni mfagiaji, Mama. Walipomwita akasimama, nikamshika mkono tuingie, akasema, "Nirudishe nyumbani."

Nesi alimbembeleza. Daktari mwenyewe akatoka akamwambia, "Mama, jicho hili likiachwa sana, baadaye hata mimi sitaweza kulisaidia." Mama akamjibu, "Ahsante, mwanangu, nimekusikia," na akaanza kutembea kuelekea ukutani akidhani ndiko kwenye mlango.

Nimepewa tarehe nyingine, 15 Julai. Ni ya mwisho. Daktari huyo wa macho anahamia hospitali ya mbali, na wa kuchukua nafasi yake hajulikani atakuja lini.

Sasa hivi hawezi kutofautisha chumvi na sukari mpaka aonje.

Sitaki kusikia kengele, Mjomba. Nataka kusikia kitu kimoja. Siku ile baada ya mazishi nilikuwa jikoni. Nilisikia watu wakicheka barazani, nikajua ni wewe. Nikasikia mlango wa chumba cha Mama umefunguliwa kwa nguvu. Kisha hakuna aliyecheka tena. Ulimwambia nini? Au alikwambia nini?

Mpwa wako


12 Juni

Mpwa wangu,

Usinihesabie ni muda gani nimekaa bila kujibu. Nimeandika barua nyingine kabla ya hii, nzuri kuliko hii, nikazitia jikoni. Zilikuwa na mafuriko, na ndani ya mafuriko nilikuwa mimi nimebeba watu begani. Moto ulizipenda.

Salamu zako nimezipokea hata zile ambazo hukuzituma. Uzima upo. Huku baridi imeingia, na asubuhi udongo unauma miguu kama una meno. Hiyo si chumvi niliyoongeza, inauma kweli.

Nikueleze kilichotokea. Tulikuwa tumefyatua matofali mengi, yamepangwa uwanjani yanakauka, yale ya ukuta mzima wa mashariki. Kazi ya wiki na wiki. Mchana mmoja mbingu ikakunja uso. Tone la kwanza likaniangukia puani. Kila mtu akaacha alichoshika, wakakimbilia maturubai, Bwana Toroli akiwa na moja peke yake begani. Walikuwa wanawahi. Ningewaacha wangewahi. Lakini mimi, mpwa wangu, nimekulia mahali ambapo kengele ikilia maana yake ni kimbia, hatari, leteni ndoo. Moyo ukanipanda, nikasema niwasaidie, wale walio jikoni na bustanini nao waje. Nikaikamata ile kamba kwa mikono miwili nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

Wakasimama.

Wote. Na maturubai mikononi. Bwana Toroli mguu mmoja uko hewani, mvua inamtiririka kidevuni. Mama nesi amefumba macho. Pumzi moja. Nikapiga kelele, "Hapana! Kimbieni! Si ya hiyo!" Lakini walishazoea kwamba mimi ni mtu wa kina. Pumzi ya pili. Mvua ikashuka kama mtu amekata gunia. Pumzi ya tatu waliivuta vizuri, taratibu, bila kupunja hata kidogo, na mbele ya macho yetu matofali yakaanza kulegea pembe, yakawa kama mikate, halafu kama uji, halafu yakawa uwanja.

Nilikaa pale pale matopeni. Nikangoja watu waje wanitukane. Nilikuwa tayari hata na majibu. Hakuna aliyekuja. Walikuwa wanakusanya maturubai. Nikamfuata mama nesi, nikamwambia, "Mama, nitukane basi. Nimezoea kutukanwa, haitaniua." Akajipangusa uso kwa kanga yake, akasema, "Udongo upo. Maji yapo. Vua viatu."

Ndiyo maneno yote aliyonipa. Tukaingia shimoni tukaanza upya. Udongo uleule. Kila mguu ulikuwa unaukanyaga kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na hakuna aliyenitazama kwa jicho la pembeni, nami nilikuwa nalitafuta hilo jicho, nilikuwa nalihitaji. Nikitazama huku, mtu anaelea kwenye ukungu. Nikitazama kule, mwingine. Mvua ilikuwa imekuwa nyepesi, haishuki tena, inaning'inia tu. Nikazunguka. Sikuwa na la kusema, na kwa mara ya kwanza sikuwa namtafuta wa kumwambia.

Nikamwona tena baba yako. Safari hii hakuwa ananitazama. Alikuwa amekaa tu, amechoka, kama mtu aliyetoka kazini. Kisha nikaona kiti hakina mtu. Nacho hakikuondoka. Nilizunguka, kiti kipo. Nikazunguka, kiti kipo. Na hapo, mpwa wangu, nikajua kwa nini siku ile barazani nilikuwa naongea bila kumeza mate. Nilikuwa namngoja aseme "endelea." Nikisimama kidogo, nasikia hajasema. Basi naunganisha hadithi na hadithi ili pasiwe na nafasi.

Kamba ya kengele nimeirudisha. Mama nesi alitaka nibaki nayo, nikakataa mwenyewe. Sasa nafyatua matofali. Lako la kwanza likikauka unaligusa kila ukipita, kama mtoto mchanga. La kwangu lina pembe moja imelegea. Wameliweka ukutani hivyohivyo.

Nilichoambiwa na dada siku ile, muulize yeye. Kikitoka kwangu nitakitia viungo.

Mjomba wako


29 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka barua yako mpaka tajiri akaja kuuliza kama kuna shati limeungua. Kisha nikafika kwenye kile kiti, nikaiweka mfukoni, nikaenda kuimalizia uani.

Jioni nilimkuta Mama amekaa jikoni anachambua maharage kwa vidole. Mabaya anayajua kwa kuyagusa tu, anayatupa pembeni. Nikamsomea. Nilisoma yote, hata mambo ya kuwadanganya watu na mgongo wako, unisamehe. Kwenye mvua akaacha kuchambua. Wale watu waliposimama na maturubai, akajifunika mdomo kwa ukingo wa kitambaa. Mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Mjomba, tangu tumzike Baba sikuwa nimemsikia Mama akicheka.

Nilipomaliza nikamuuliza, "Mama, ulimwambia nini?"

Akasema, "Nilikuwa chumbani na nguo za baba yako. Nasikia watu wanacheka. Mjomba wako anawasimulia eti yeye na baba yako walilivuta lori kutoka mtoni kwa mikono. Nikatoka. Nikamwambia mbele ya watu, nyamaza, mwongo wee, mtu amekufa, nyamaza japo leo."

"Basi?"

"Basi. Nilimwambia anyamaze japo leo. Sikumwambia aondoke, sikumwambia akae huko miezi. Lakini yule kila kitu lazima akizidishe. Hata kunyamaza!"

Akarudi kwenye maharage. Baada ya muda akasema, bila kuinua uso, "Na kwenye hilo lori mimi nilikuwepo. Walilivuta kweli. Walikuwa watu wengi, lakini walilivuta." Kisha akaniambia niandike hivi, na nimeandika alivyosema: "Mwambie watanifunga jicho. Masikio hawanifungi."

Tarehe ni 15 Julai, saa mbili asubuhi. Gauni la kijani nimeshalipiga pasi. Sijui kama atakubali kuingia ule mlango. Sikuulizi tena kama utakuja. Nakwambia tu hali ilivyo: akirudi nyumbani mara hii, ndiyo basi.

Mpwa wako


14 Julai

Mpwa wangu,

Usishtuke kuona barua haina harufu ya vitunguu. Inanuka poda na mafuta ya nywele, kwa sababu naiandika kwa kinyozi wa hapo kona, karibu na duka lenu. Ndiyo. Nikitoa kichwa dirishani, paa la nyumba yenu naliona. Kinyozi amekubali kukuletea mwenyewe hapo kwenye pasi yako, mpe maji ya kunywa, amemwacha mteja na nusu ya kichwa.

Ukumbi haujaisha. Ukuta wa mashariki umefika kifuani na umesimama vizuri, ukiacha mahali pamoja. Sikuaga kwa hotuba, ingawa nilikuwa nimeiandaa. Nilimwambia mama nesi, "Dada yangu ananihitaji." Akasema, "Basi nenda." Bwana Toroli akalichukua begi langu, ambalo halina kitu ndani zaidi ya shati na soksi, akalipakia kwenye toroli lake akalisukuma mpaka getini kwa heshima kama amebeba mgonjwa. Pale getini akafungua mdomo. Nikasema sasa nitamsikia. Akasema, "Safari njema." Ana sauti nyembamba, mpwa wangu, kama filimbi. Nimeifikiria njia nzima.

Nilikuwa nawaza hizo siku za giza nitamsimulia nini dada. Huko nyuma ningekuwa na vita, simba, na wafalme walioniomba ushauri. Nimezitafuta zile hadithi garini, hazikuja. Kilichokuja ni udongo jinsi unavyokuwa vuguvugu. Ndoo inavyodondosha maji. Mabega yanavyoanza kuonekana ukungu ukiinuka, moja moja, na unagundua kwamba muda wote mlikuwa karibu hivyo. Sijui kama hiyo ni hadithi. Sijui kama itatosha hata kwa asubuhi moja. Nitamwambia, na ikiisha nitakaa tu pale, nikohoe mara mojamoja ajue nipo.

Kesho saa mbili nitakuwa kwenye lile benchi. Hilo si la kuongeza wala kupunguza.

Sasa kuna jambo dogo. Usimwambie kinyozi, ni mtu wa maneno.

Sikufika leo. Nilifika jana mchana. Nilishuka kwenye lori nikaja moja kwa moja mpaka mbele ya geti lenu. Nikapita. Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikanunua mkate ili nionekane nina safari yangu, nikarudi upande wa pili wa barabara. Mama yako alikuwa barazani, amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza juani. Amekonda. Nikavuka. Nilikuwa karibu naye, ningenyoosha mkono ningemshika bega. Akasikia nyayo, akageuza uso upande wangu, akasema, "Nani huyo?"

Mdomo niliufungua. Kisha nikaondoka kwa ncha za vidole kama mwizi wa kuku. Nimelala hapa kwenye benchi la kinyozi, na mkate wote nimeumaliza.

Ndiyo hivyo, mwanangu. Naogopa kubisha hodi kwa dada yangu. Ukitoka kazini nipitie hapa, twende wote. Wewe ndiye ubishe.

Mjomba wako